Kadi ya njano hatukuigombea. Kwa nini cheti cha UVIKO-19 kilizua ugomvi?

Mwalimu_Ujiji

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu.

Ninafundisha somo la Uraia katika shule ya sekondari hapa Ujiji, na chumba ninachofundishia ni miongoni mwa yale ambayo wananchi waliyabatiza "madarasa ya UVIKO", kwa sababu yalijengwa kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao Serikali iliupata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021. Wiki iliyopita tulikuwa katika mada ya haki na mipaka yake. Niliwaeleza vijana jinsi watu wa Ufaransa, Italia, Austria na Kanada walivyoingia barabarani kupinga masharti ya UVIKO-19 na vyeti vya chanjo, na jinsi Wachina walivyosimama mitaani Novemba 2022 wakiwa wameshika karatasi nyeupe zisizo na neno hata moja. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, mjomba wangu anavuka kwenda Uvira kila mwezi na kadi ya njano mfukoni, na sijawahi kumsikia akilalamika. Hao wenzetu waligombea nini?"

Kadi ya njano aliyoikusudia, kwa wasomaji walio mbali na Ziwa Tanganyika, si ile ya refa. Ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na ukitaka kuingia Kongo ni lazima uwe nacho. Nilimjibu kijana yule kwa maneno mengi, lakini kengele ilipolia nilijua kwamba sikuwa nimemjibu.

Sababu ya pili ya kuuliza iko nyumbani. Mama yangu alianza kuweka akiba ya safari ya Hija mwaka 2018, kidogo kidogo, kutokana na mauzo ya mawese. Mwaka 2020 waliohiji walikuwa watu wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia. Mwaka 2021 walikuwa 60,000, nao pia wakazi wa huko huko. Chanjo ilipofika mkoani kwetu mwaka huo, mama, ambaye mwaka mzima uliotangulia alikuwa ameiamini nyungu ya mchaichai na mkaratusi kuliko kitu kingine chochote, alikwenda kuchanjwa kwa ajili ya Hija tu, nami nikamchapishia cheti chenye msimbo wa mraba (QR) na kukifunga kwa plastiki ngumu pale stationari. Mwaka 2022 milango ikafunguliwa kwa mahujaji milioni moja, wa nje wakiwemo, kwa sharti kwamba wawe wamechanjwa kikamilifu, wawe na majibu ya kipimo cha ndani ya saa 72, na wawe hawajafikisha umri wa miaka 65. Mama alikuwa na miaka 67. Sharti la umri liliondolewa mwaka 2023, lakini kufikia hapo magoti yalikuwa yameshagoma, na sehemu ya akiba ilikuwa imeshaliwa na matibabu ya magoti hayo hayo.

Mama hakuichukia chanjo wala kipimo. Alichosema, na alikisema mara nyingi, ni kwamba kila alipofika mlangoni alikuta kizingiti kimepandishwa. Swali langu basi ni hili: chuki iliyoonekana duniani dhidi ya masharti yale na vyeti vile ilitokana na nini hasa? Je, ni chanjo yenyewe, ni karatasi, ni kurefushwa kwa muda, au ni namna masharti yalivyotungwa? Naomba majibu ya watu waliokaa wakafikiri, kwa kuwa wanafunzi wangu watayasoma.

Mchuuzi_wa_Kibirizi

Mwalimu, kijana wako ameuliza vizuri, ila mjomba wake hajamweleza yote. Kadi ya njano hatukuigombea kwa sababu mbili, na ya kwanza haipendezi kuisema mbele ya wanafunzi. Kwa miaka mingi mtu mwenye haraka aliweza kuipata kadi bila kuipata sindano. Ulimwachia mtu fulani jina lako jioni, asubuhi ukaikuta kadi imeshagongwa muhuri. Sharti linalonunulika hugharimu, lakini haliudhi. Sisemi kwamba ni jambo jema. Nasema tu kwamba usitufanye sisi kuwa mfano wa raia watiifu.

Sababu ya pili ni kwamba kadi ile inaulizwa mpakani, na ukishavuka unairudisha kwenye mfuko wa shati na kuisahau. Haiulizwi sokoni Mwanga, haiulizwi kwa kinyozi, haiulizwi kwa mama muuza chai. Ufaransa, kuanzia Agosti 2021, mtu alitakiwa kuonyesha cheti ili aketi mgahawani anywe kahawa. Italia, kuanzia tarehe 15 Oktoba mwaka huo, alitakiwa kukionyesha ili aingie kazini. Hebu nijifikirie mimi pale mwaloni Kibirizi, saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi inaingia na karabai bado zinafuka, na kijana ninayeweza kumzaa ananisimamia mbele na kuniambia, "Mzee, cheti." Siku ya kwanza ningetoa. Siku ya arobaini sidhani.

Kuhusu muda, nina langu la kusema. Januari 2021 Burundi ilifunga mipaka yake, ya nchi kavu na ya ziwani, kwa wasafiri, ingawa mizigo iliendelea kupita. Kwa hiyo mzigo ulivuka na mwenye mzigo akabaki. Nilipeleka magunia 40 ya dagaa wakavu, na siku ya tatu mnunuzi akanipigia simu kwamba dagaa wamepata unyevu, akalipa nusu. Huenda walipata unyevu kweli. Sikuwepo kushika gunia, kutia mkono ndani na kunusa, na mtu wa biashara ya dagaa asiyeweza kunusa mzigo wake hana la kubishana. Lililoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyeweza kutuambia mpaka utafunguliwa lini. Ungeniambia miezi sita, ningetafuta soko la Tabora au Mwanza na kutulia. Niliambiwa nisubiri, nikasubiri kila wiki kama vile ni wiki ya mwisho, na hapo ndipo mtaji ulipokwenda.

Muuguzi_mstaafu_Tabora

Mwanangu Mwalimu, pole kwa yaliyompata mama, na umfikishie salamu zangu. Nawe ndugu yangu wa Kibirizi, nakushukuru kwa ukweli wako, ingawa ule wa kadi bila sindano umenichoma, maana nimeitumikia kazi hii zaidi ya miaka thelathini.

Naomba tuanze na kile ambacho kila cheti kinashuhudia, kwa sababu hapo ndipo mjomba wa yule kijana anapotofautiana na Mfaransa. Chanjo ya homa ya manjano ni dozi moja inayomkinga mtu maisha yake yote, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni za kimataifa za afya zinaitambua kadi hiyo kwa maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa kwamba mwisho wake ni miaka kumi. Aliyechanjwa kweli kweli hataubeba ugonjwa ule kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kuja Kigoma. Kadi inasema jambo moja, na jambo hilo ni kweli leo na litakuwa kweli kesho.

Cheti cha UVIKO-19 hakikuwa hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 2021 kulikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba aliyechanjwa hawezi kuambukiza kwa urahisi kama asiyechanjwa, na kwa virusi vya wakati ule jambo hilo lilikuwa na ukweli kiasi chake. Novemba 2021 aina ya Omikroni ikatambuliwa kusini mwa Afrika, na ndani ya wiki chache waliochanjwa wakawa wanaambukizwa na kuambukiza wenzao kwa wingi. Chanjo iliendelea kuwakinga wasiugue sana na wasife, na hilo si dogo. Lakini maana ya cheti ilikuwa imebadilika: zamani kilisema "huyu hatakuambukiza", sasa kilisema "huyu huenda hatalazwa". Kilichopaswa kufuata ni viongozi kusimama na kusema kwamba sababu imebadilika, kwa hiyo sharti nalo linabadilika. Badala yake Ufaransa ilikaza zaidi tarehe 24 Januari 2022, wimbi la Omikroni likiwa kileleni, ikawa hata kipimo hakimruhusu tena asiyechanjwa kuingia mgahawani, kisha ikakiondoa cheti hicho karibu kila mahali tarehe 14 Machi, majuma saba baadaye. Austria ilitunga sheria ya kumlazimisha kila mtu mzima kuchanjwa, ikaanza Februari 2022, ikasimamishwa Machi, ikafutwa katikati ya mwaka huo bila mtu hata mmoja kutozwa faini. Mgonjwa akiona daktari anabadilisha dawa kila juma bila kumweleza, ataiacha hata ile iliyokuwa inamfaa. Ndivyo ilivyokuwa, na chanjo nyingine zisizo na kosa lolote zikaingizwa katika shaka hiyo.

Lakini sitaki watoto wa shule wasome hapa wakadhani kwamba sisi tulikuwa huru na wenzetu walikuwa kifungoni. Kwetu shule zilifungwa Machi 2020 na zote zikawa zimefunguliwa kufikia tarehe 29 Juni, na baada ya hapo hatukuwa na cha kuandamania. Takwimu za mwisho, za mwanzoni mwa Mei 2020, zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo kimya mpaka kiongozi alipobadilika mwaka 2021. Wodini tulikuwa na wagonjwa, na neno tuliloruhusiwa kulizoea lilikuwa "changamoto ya upumuaji". Nimewasindikiza getini watu waliokuja kuchukua mwili wa baba yao huku wakiniuliza, "Nesi, alikuwa na nini?" Niliwajibu kwa maneno hayo hayo. Wao pia walikuwa na haki ya kukasirika, ila hawakupewa hata sharti la kulikasirikia.

Chanjo zilipokuja, dozi 1,058,400 zilizotua Dar es Salaam mwishoni mwa Julai 2021, Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28, na zamu yetu ikafika. Ilikuwa hiari, na bado ilikuwa kazi. Kichupa kimoja cha ile chanjo ya UVIKO-19 ya dozi moja kilitosha watu watano, na kikishafunguliwa kilitakiwa kiishe ndani ya saa sita. Kwa hiyo hatukufungua mpaka watimie watano, maana kumwaga dawa ni aibu. Siku moja wanne walikuwa wamekaa chini ya mwembe tangu saa mbili, na wa tano haonekani. Saa sita mchana mzee mmoja akainuka, akajikung'uta kanzu, akasema, "Nimekuja kwa hiari, na sasa naondoka kwa hiari." Hatukuwa na la kumjibu. Saa nane akarudi na mkwe wake, akamketisha kwenye benchi, akasema, "Huyu hapa wa tano wenu." Mzee yule asingerudi kama tungemfungia geti ili asitoke, na hilo ndilo jibu langu kwa mwanafunzi.

Mwanasheria_mtarajiwa_Kasulu

Shikamoo mama, shikamooni wakubwa. Mimi bado ni mwanafunzi, kwa hiyo nitaongezea machache upande wa sheria, na nitatumia majirani zetu, kwa sababu tunazungumza sana juu ya Wazungu kana kwamba mambo haya hayakufika Afrika Mashariki.

Kenya ilitangaza Novemba 2021, kwa kinywa cha Waziri wa Afya Mutahi Kagwe, kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hatahudumiwa ana kwa ana katika ofisi za Serikali wala kuingia hotelini na mikahawani. Wakati tangazo linatolewa, watu wazima waliokuwa wamekamilisha chanjo hawakufika asilimia 10. Yaani sharti liliwataka zaidi ya watu tisa katika kila kumi waonyeshe kitu ambacho hawakuwa nacho, na wengi wao hata wangekitaka wasingekipata kwa wakati. Mahakama Kuu ililisimamisha kabla halijaanza. Mtu akiniuliza kasoro ya kisheria ilikuwa wapi, sitaanzia kwenye uhuru wa mtu juu ya mwili wake, ingawa upo. Nitaanzia kwenye swali jepesi la kama kilichoamriwa kilikuwa kinawezekana.

Uganda ilizifunga shule tangu Machi 2020 hadi tarehe 10 Januari 2022, zikifunguliwa nusu nusu katikati, na wanafunzi wapatao milioni 15 wakaguswa. Hakuna nchi iliyozifunga kwa muda mrefu kuliko hiyo. Rwanda ilipotaka abiria wa magari ya umma wawe wamechanjwa, ziliripotiwa Januari 2022 habari za watu zaidi ya 100 waliovuka Ziwa Kivu kwa mitumbwi hadi kisiwa cha Idjwi, upande wa Kongo, wakiikimbia chanjo. Sikubaliani na sababu zao, lakini mtu anapopanda mtumbwi na watoto kuikimbia sindano, serikali inayotaka kuaminiwa ingepaswa kujiuliza maswali zaidi ya moja.

Kuna na suala la usawa. Uingereza polisi walitoa faini 126 kwa watu waliohudhuria mikusanyiko katika ofisi za Serikali wakati wananchi wamekatazwa kukusanyika, na Waziri Mkuu Boris Johnson mwenyewe alikuwa mmoja wa waliotozwa. Watu waliokuwa wamewazika wazazi wao kwa kuhesabiwa waombolezaji waliyasikia hayo. Baada ya habari kama hizo, kila sharti lililobaki lilionekana kuwa la wadogo peke yao.

Na kwa kuwa Mama Muuguzi ametaja magonjwa mengine, nami nitaje moja la kwetu. Hapa Buha, nchi ya Waha, miaka ya 1930, utawala wa Mwingereza uliwahamisha watu kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale na mbung'o. Ugonjwa ulikuwepo kweli. Hata hivyo babu yangu, aliyehadithiwa na baba yake, hakuwahi kuusimulia uhamisho ule kama habari ya ugonjwa. Aliusimulia kama habari ya mashamba ya migomba yaliyoachwa yakamezwa na pori, na ya watu walioambiwa wahame bila kuambiwa watarudi lini.

Dereva_wa_masafa

Nimesoma yote kituo cha mizani, foleni haisogei. Nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe.

Mnazungumza kana kwamba kila aliyepiga kelele alikuwa ameumizwa. Mwaka 2020 sisi madereva ndio tulioitwa wabeba korona katika kila mpaka. Rwanda ilitaka dereva wa Tanzania aishie Rusumo na gari aliendeshe mwingine, na tukagoma, kwa sababu gari lina bosi na bosi hamjui huyo mwingine. Hatukugoma kwa sababu ya uhuru. Tuligoma kwa sababu ya posho, na kwa sababu likiibwa gurudumu ni langu kulilipa. Malalamiko yetu yalisikilizwa kwa kuwa yalikuwa mafupi na ya kweli.

Sasa wale wenzetu wa Kanada. Tarehe 15 Januari 2022 Serikali yao ilianza kuwataka madereva wanaovuka kutoka Marekani wawe wamechanjwa, la sivyo wakae karantini. Kusema kweli lilikuwa sharti la ajabu kumwekea mtu anayeshinda peke yake ndani ya kabini. Lakini madereva wao wengi mno walikuwa wameshachanjwa na waliendelea na kazi, huku waliofunga barabara za Ottawa kwa wiki tatu na kupiga honi usiku kucha wakiwemo wengi ambao hawajawahi kushika usukani wa lori. Serikali nayo ikatumia sheria ya dharura tarehe 14 Februari, na Januari 2024 Mahakama ya Shirikisho ikasema haikuwa na msingi wa kuitumia. Kila upande ulivuka mstari wake. Mwalimu, waeleze wanafunzi kwamba hasira ya kweli ilikuwepo, na waliopanda juu yake kama abiria wa dezo walikuwepo pia.

Mwalimu_Ujiji

Nawashukuru sana, na hasa Mama Muuguzi. Ndugu Dereva, sikubaliani nawe kwamba lalamiko la posho ni la kweli zaidi kuliko lalamiko la uhuru, lakini nitaliweka darasani lijadiliwe kama ulivyoliandika.

Nilichokiona katika majibu yenu ni kwamba hakuna aliyesema chanjo ndiyo iliyoleta chuki. Mchuuzi amelalamikia tarehe ya mwisho isiyotajwa na kuulizwa kila siku, Mama Muuguzi sababu iliyobadilika pasipo kutangazwa, na kijana wa Kasulu amri isiyotekelezeka na wakubwa wasioifuata. Mwanafunzi wangu nitamwambia kwamba kadi ya mjomba wake haina kasoro hizo, ukiacha ile ya mtu fulani wa jioni, ambayo nadhani nitairuka.

Jana usiku nilimsomea mama majibu yote. Kisa cha mzee wa mwembeni alinifanya nikirudie. Kisha akaniuliza kama kadi yake ya njano, aliyochomewa alipokwenda kumzika dada yake Uvira, bado ni halali. Nikamwambia kwa maelezo ya Muuguzi ni halali hadi mwisho wa uhai wake, akairudisha kwenye kopo la maziwa pamoja na hati ya kiwanja. Kile cheti chenye msimbo wa mraba hakikuwemo koponi. Nilikiona leo asubuhi jikoni: plastiki imeungua pembe moja, na mama anakitumia kupepea mkaa.